Ruhusa ya Kunakili na Wajibu wa Kutaja Asili

Miongoni mwa hazina za elimu ambazo shule ya sekondari yaweza kuzitumia bila kulipa hata senti moja, hapana budi kuihesabu Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Shule yenye tovuti yake yaweza kuchukua makala nzima kutoka humo, kuifupisha, kuirefusha, kuitafsiri, hata kuichapa na kuiuza. Wako walimu wasioamini jambo hili, kwani kwao kila kunakili ni wizi. Wako na wengine wanaoamini kupita kiasi: wakiona neno "huru" hudhani ni mali isiyo na mwenyewe. Kosa la hawa wa pili ndilo lenye madhara makubwa zaidi, wala madhara yake si ya kisheria tu.

Waandishi wa Wikipedia hawakuzitupa haki zao. Hakimiliki ya maneno yao hubaki kwao, nao huwaruhusu watu wote kuyatumia chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo tangu mwaka 2023 ni ile iitwayo CC BY-SA 4.0. Masharti yake si mazito. Mtumiaji ataje asili. Kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye makala yenyewe chatosha, maana kila makala ina ukurasa wa historia unaoonyesha nani aliandika nini na lini. Ataje leseni, aseme kama amebadili kitu, na kazi aliyoijenga juu ya msingi huo aitoe kwa leseni ileile. Tafsiri nayo ni badiliko: mwalimu anayetafsiri makala ya Kiingereza hana budi kuitaja makala hiyo ya Kiingereza. Anayeyakiuka masharti hupoteza ruhusa, na hapo husimama mbele ya sheria ya kawaida, ambayo kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Picha zitazamwe peke yake, kwa kuwa kila moja ina leseni yake. Ama nembo ya Wikipedia, hiyo haimo kabisa katika ruhusa.

Aghalabu mafundisho juu ya jambo hili huishia hapo, kana kwamba kutaja asili ni adabu tu, mithili ya kubisha hodi. Sababu iliyo kubwa zaidi yaonekana wazi mtu akiutazama mfano wa Isingiro, kata iliyo katika Mkoa wa Kagera. Ukurasa wowote ulioandikwa kabla ya mwaka 2012 uliiweka Isingiro katika Wilaya ya Karagwe, nao ulikuwa sahihi. Mwaka huo Wilaya ya Kyerwa ikamegwa kutoka Karagwe, na Isingiro ikawa upande wa Kyerwa. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979. Ibanda, lililokuwa pori la akiba, likawa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Tena ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Uganda, iko wilaya nzima iitwayo Isingiro! Makala iliyo katika Wikipedia yaweza kusahihishwa na mtu yeyote siku yoyote. Nakala iliyobandikwa katika tovuti ya shule haisahihiki yenyewe: hubaki ilivyokuwa siku ile iliyochukuliwa. Ikiwa haina kiungo wala tarehe, msomaji aliye Lindi au Tanga hana njia ya kujua kwamba anasoma habari za zamani, wala hana mahali pa kwenda kuhakikisha.

Jina la wilaya likikosewa, huenda hakuna atakayelala njaa. Katika kilimo mambo ni mengine. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulibainika Uganda mwaka 2001, kisha ukaingia Kagera, ambako ndizi ndiyo chakula kikuu na kibanja ndicho tegemeo la nyumba. Ushauri wa awali ulikuwa mkali: mgomba ukionyesha dalili, ung'olewe pamoja na machipukizi yake yote. Ni kazi nzito na hasara kubwa. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba bakteria hao hawaenei daima katika machipukizi yote ya shina moja. Kukata mara kwa mara, usawa wa ardhi, mgomba ule tu wenye dalili, kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, na kupitisha visu katika moto, hupunguza sana ugonjwa. Basi fikiria shule iliyonakili ushauri wa kwanza na kuufuta ukoo wake. Mwanafunzi huupeleka nyumbani kwa imani yote, na mzazi hung'oa kibanja ambacho kingeweza kuokolewa.

Wako wasemao kwamba jina la Wikipedia likionekana chini ya ukurasa, wazazi wataidharau shule. Hoja hii ni dhaifu. Makala ambayo kila mtu aweza kuihariri yaweza kuwa na makosa, na kwa sababu hiyohiyo msomaji anastahili kujua ilikotoka ili aipime. Anayeficha asili haondoi makosa. Huyapa heshima ya shule.

Kinachotakiwa ni mistari miwili chini ya ukurasa: jina la makala na kiungo chake, leseni na kiungo chake, tarehe ya kunakili, na neno moja juu ya yaliyobadilishwa. Tarehe haimo katika masharti ya leseni, ila mwalimu wa sayansi, ambaye hakubali kipimo cha maabara kisicho na tarehe, hana udhuru wa kuiacha. Na mwanafunzi wa Isingiro aonaye kata yake imewekwa mahali pasipo pake asiishie kuisahihisha nakala ya shule. Akifuata kiungo hicho aweza kuirekebisha makala yenyewe kwa dakika chache, na watakaonakili baada ya hapo watachukua iliyo sahihi.