Ruta tumechangia wenyewe, ufunguo anao fundi!

Leo sina stori za test wala za boom. Leo nina hasira na mafundi, na nyie wenzangu pia nina hasira nanyi.

Kila geto la wanachuo ninalolijua, iwe Chang'ombe, Mtoni au Sinza, mchezo ni uleule. Boom likiingia, watu wanne watano wanachanga, inanunuliwa ruta ya laini, anaitwa fundi. Fundi anabofyabofya dakika kumi, anawapa neno la siri la waifai, anachukua chake. Mkimuuliza namna ya kuingia kwenye setingi anajibu: "Hapo msiguse, mtaharibu. Ikisumbua niiteni." Na sisi wasomi tunaitikia!

Nasema huo ni upuuzi. Ruta ina maneno mawili ya siri. La kwanza ni la kuunganisha simu. La pili ni la kuingia kwenye setingi, na mwenye hilo ndiye mwenye nyumba: anabadili la kwanza, anaona nani kaunganishwa, anamfungia amtakaye. Kwenye ruta nyingi la pili linatoka kiwandani likiwa "admin", na linabaki hivyo hivyo miaka. Ukihamia chumba Tandika, siku ya kwanza unanunua kufuli jipya, hata kama mwenye nyumba ni mtu wa swala tano. Sasa ruta imekosa nini?

Najua mtasema: "Nani ana shida na ruta ya mwanafunzi?" Haya, sikilizeni. Mwaka 2016 kirusi kinachoitwa Mirai kilizunguka mtandaoni kikijaribu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani, zaidi ya 60 tu, kwenye kamera na ruta. Hakikuuliza mwenyewe ni tajiri au ni mwanachuo. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, Twitter na Netflix zikagoma kwa watu kibao. Na si mambo ya Wazungu tu. Mwaka huohuo kampuni ya simu ya Lonestar kule Liberia ilishambuliwa kwa njia hiyohiyo, na mwaka 2019 mahakama ya Uingereza ikamfunga aliyehusika.

Halafu kuna la hapa kwetu. Laini iliyo ndani ya ruta imesajiliwa kwa alama za vidole za mmoja wenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Mtu akijibanza nje ya dirisha lenu na kufanya uchafu kupitia laini ile, atakayeanza kuulizwa ni nani? Si fundi, bwana!

Simnyimi fundi riziki. Alipwe, lakini kabla hajaondoka afanye haya mbele yenu. Fungueni 192.168.1.1, au namba iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta. Badilini maneno yote mawili, yaandikeni kwenye daftari la geto. Chagueni WPA2 au WPA3. Zimeni WPS, maana tangu 2011 inajulikana kwamba PIN yake ya tarakimu 8 inapatikana kwa majaribio yasiyozidi 11,000, na kompyuta haichoki. Kila mwezi mmoja wenu aangalie kama kuna toleo jipya la programu ya ruta, na ahesabu vifaa vilivyounganishwa. Mko watano na vifaa ni kumi na saba? Basi acheni kuitukana kampuni ya simu kwamba bando linaisha haraka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaosoma hadi digrii tukishindwa kushika ufunguo wa kidude tulichokinunua wenyewe, tutashika nini? Mnaobisha njooni kantini Jumatatu, chai juu yangu.