Kagera Sugar isimpitishie mkulima bakuli, imuuzie kitu

Msimu wa Ligi Kuu Tanzania Bara wa 2024/2025 ulipofungwa Juni 2025, Yanga ilitwaa ubingwa kwa mara ya nne mfululizo na Kagera Sugar ikashuka daraja. Kati ya timu 16, ilimaliza ikiwa ya 15, ikiizidi KenGold peke yake. Timu iliyodumu katika ligi hiyo kwa takriban miaka 20 ikaenda kuanza msimu wa 2025/2026 katika Ligi ya Championship.

Kwa mkulima wa kahawa wa Rulenge, wilayani Ngara, au mfanyabiashara wa ndizi wa Nyakanazi, wilayani Biharamulo, habari hiyo inaweza kuonekana ni ya watu wa mjini. Uwanja wa Kaitaba uko Bukoba. Mtu wa Ngara hupita Biharamulo na Muleba ndipo aufikie. Hata hivyo, timu inayobeba jina la mkoa inapoanguka, swali la fedha hufuata nyuma yake, na swali la fedha halichelewi kufika kijijini.

Desturi ya timu za mikoani inajulikana. Mambo yakiharibika, hupitishwa bakuli. Huitishwa kikao cha wadau, hutajwa uzalendo wa mkoa, kisha orodha ya michango huzunguka kwa wenye maduka, wenye mabasi na vyama vya ushirika. Mkulima huingia katika orodha hiyo bila kuulizwa, maana fedha za chama chake ni fedha zake. Ni vyema jambo hili lizungumzwe mapema: timu ya Kagera ikihitaji shilingi ya mkulima, ije kumuuzia kitu. Mchango usio na risiti wala mkutano wa mapato na matumizi hautaisaidia timu wala mkulima.

Kwanza, haki itendeke kwa mwenye timu. Kagera Sugar ni timu ya kiwanda cha sukari kilichoko Misenyi. Kwa miaka yote hiyo mkoa ulitembelewa na Simba, Yanga na Azam kwa sababu kiwanda kilikubali kubeba mzigo. Wapenzi wengi wa soka hawajasahau Mei 19, 2018, siku Simba ilipokabidhiwa kombe jijini Dar es Salaam mbele ya Rais John Magufuli, ikiwa haijafungwa mchezo hata mmoja wa ligi msimu ule. Kagera Sugar iliifunga bao 1-0 siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata ikaifunga Simba nyumbani na ugenini. Timu ya namna hiyo haikuwa ya kusindikiza wengine.

Lakini mzigo unaobebwa na bega moja hutua siku bega hilo likichoka. Mfano uko hapa hapa mkoani. Wazee wanaikumbuka RTC Kagera, timu iliyobeba jina la kampuni ya biashara ya mkoa. Kampuni za RTC zilipokufa, timu zilizozitegemea nazo zilipotea. Mashabiki hawakuwa na la kufanya kwa kuwa timu haikuwa yao kwa karatasi. Walikuwa na mapenzi, na mapenzi hayalipi mishahara.

Mkulima wa Kagera analijua somo hili kutoka shambani. Migomba ikishambuliwa na mnyauko, kaya iliyokuwa na ndizi peke yake hulala njaa, na ile iliyochanganya na maharage, mihogo na mahindi hupumua. Mwenye mnunuzi mmoja wa kahawa hupokea bei ya mnunuzi huyo. Klabu yenye mlipaji mmoja iko katika hali ile ile, hata kama mlipaji huyo ni mwema.

Wapo wanaosema tatizo la msimu ule lilikuwa benchi la ufundi. Ni kweli kwamba benchi halikutulia. Msimu ulianza na Paul Nkata kutoka Uganda, akaja Melis Medo wa Marekani, na mwishoni kazi ikawa mikononi mwa Juma Kaseja, golikipa wa zamani wa Taifa Stars. Makocha watatu katika michezo 30 ni wengi. Lakini mwenye shamba anayebadilisha msimamizi mara tatu kati ya kupanda na kuvuna hajui tena kosa lilikuwa la nani. Mbegu, mbolea na fedha za kibarua huamuliwa kabla ya mvua. Katika soka nako usajili, kambi na programu ya vijana huamuliwa kabla ligi haijaanza, na yote hayo yanahitaji fedha inayojulikana itatoka wapi.

Kushuka daraja kuna gharama inayohesabika. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Soka Tanzania mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya sh. bilioni 225.6. Katika fedha hizo kila klabu ya Ligi Kuu hupata mgawo, na nafasi ya mwisho wa msimu nayo ina bei yake. Timu ikitoka katika ligi hiyo, hutoka pia katika mgawo huo. Vilevile ligi ya chini haina Simba wala Yanga, na hao ndio huujaza uwanja.

Hasara nyingine haiandikwi katika vitabu vya klabu. Siku Simba au Yanga inapocheza Kaitaba, nyumba za wageni hujaa, mama lishe huongeza sufuria, na vijana huuza vitambaa, maji, mishikaki na karanga tangu asubuhi. Mwenye Hiace au Coaster anayewapeleka mashabiki kutoka Biharamulo na kuwarudisha usiku hupata tripu iliyojaa kwenda na kurudi. Biashara hiyo ndogo ndogo ndiyo inayokatika timu inaposhuka, na wanaoifanya si wenye viwanda.

Sasa litazamwe upande wa pili: je, mtu wa Ngara na Biharamulo halipii soka? Analipa kila wiki. Hulipa kiingilio cha banda la video. Mwenye banda hulipia king'amuzi na umeme. Kijana hununua jezi ya Simba au Yanga, na wengine huweka mkeka wa kubashiri kwa fedha ambayo ingenunua dawa ya kunyunyizia nyanya. Kwa mfano tu wa hesabu, banda moja likiingiza watu 50 kwa sh. 500 kila mmoja, mchezo mmoja ni sh. 25,000. Michezo miwili kwa wiki ni sh. 50,000. Kwa wiki 40 za msimu ni sh. milioni mbili. Mabanda kumi ya namna hiyo ni sh. milioni 20, na hapo jezi na mikeka havijahesabiwa.

Fedha ya soka, basi, ipo vijijini. Inaondoka kwenda mbali kwa sababu huko mbali kuna kitu kinachouzwa. Shabiki hupata picha ya mchezo, jezi yenye jina na mazungumzo ya wiki nzima. Timu ya mkoa haijamuuzia mtu wa Ngara chochote cha kulinganisha na hivyo, halafu hushangaa anapovaa rangi nyekundu au ya kijani siku Simba au Yanga inapokuja Kaitaba.

Kuna mambo matatu ambayo timu inaweza kuuza bila gharama kubwa. La kwanza ni mchezo wenyewe. Maandalizi ya msimu yafanyike pia nje ya Bukoba. Michezo miwili ya kirafiki, mmoja Ngara mjini na mwingine Biharamulo, ikipangwa siku ya gulio na baada ya mavuno wakati mkulima ana fedha mkononi, inaweza kulipa kiingilio chake na kuacha chakula, malazi na usafiri mikononi mwa watu wa huko.

La pili ni nafasi ya vijana. Wilaya hizi zina shule nyingi na mashindano ya shule hufanyika kila mwaka. Mzazi anayejua kwamba timu ya mkoa huja kutazama watoto na kumchukua mmoja kwa utaratibu ulioandikwa, ana sababu ya kuifuata timu hiyo hata ikicheza ligi ya chini. Kijana akiuzwa baadaye kwa klabu kubwa, sehemu ya fedha irudi shuleni au kwenye timu ya kijiji alikotoka. Hiyo ndiyo bei ya mbegu.

La tatu ni uanachama wenye karatasi. Mkulima wa Kagera hahitaji semina ya jambo hili, kwani amekuwa mwanachama wa chama cha msingi kwa miaka mingi. Anajua kahawa hupimwa mbele yake, hupewa stakabadhi, na katika mkutano mkuu husimama kuuliza makato haya ni ya nini. Timu iweke kiingilio kidogo cha mwaka, kadi, daftari la wanachama, mkutano mmoja kwa mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Wanachama wa kila wilaya wachague mtu wa kuwasemea. Hata klabu zilizoanzishwa na wanachama, kama Simba, zilipotaka mwekezaji zilikuta sharti la serikali kwamba wanachama wabaki na angalau asilimia 51. Kagera Sugar ilianzia upande wa pili, upande wa kampuni, na haina lazima ya kutoa sehemu kubwa namna hiyo. Lakini hata sehemu ndogo humpa shabiki haki ya kuuliza.

Hapa uamuzi ni wa mwenye timu. Kiwanda kikitaka kuendelea kuimiliki timu peke yake, ni haki yake, na kishukuriwe kwa kila msimu kitakaougharamia. Ila katika hali hiyo asije mtu yeyote na orodha ya michango kwa jina la mkoa, wala isisikike kauli kwamba kila kilo ya kahawa ikatwe shilingi kadhaa za timu. Makato katika kahawa yamelalamikiwa vya kutosha. Anayetaka kumkata mkulima kwa ajili ya timu isiyo yake anajenga chuki kati ya mkulima na mpira, na chuki hiyo ataikuta uwanjani siku ya mchezo.

Kuna atakayesema utaratibu huu ni wa polepole na timu inataka fedha sasa. Mkoani Kagera kuna neno la fedha ya sasa: butura. Mkulima mwenye shida huuza kahawa ikiwa bado ua. Anapata ya leo na kupoteza bei ya kesho. Klabu inayookolewa kwa dharura na yeyote mwenye fedha mkononi hufanya butura ya namna yake. Msimu huu itasajili, msimu ujao haitajua nani mwenye sauti.

Majirani wanaonyesha kwamba kushuka hakuna njia moja. Mtibwa Sugar, timu nyingine ya sukari na bingwa wa mwaka 1999 na 2000, ilishuka mwaka 2024, ikatwaa ubingwa wa Championship msimu uliofuata na kurudi Ligi Kuu. Geita Gold, jirani wa karibu kabisa wa Biharamulo, ilishuka mwaka huo huo wa 2024 na haikurudi msimu uliofuata. Pamba ya Mwanza ilikaa nje zaidi ya miaka 20 kabla ya kurejea mwaka 2024. Muda wa kukaa chini unaweza kuwa mwaka mmoja au kizazi kizima, na kinachobaki katika kipindi hicho ni wale walio na sababu ya kusubiri.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kabanga na mkulima wa Nyakahura wakifuatwa kuhusu timu ya mkoa, waulize maswali yale yale wanayomuuliza mnunuzi wa mazao. Unanipa nini? Kimeandikwa wapi? Hesabu nitaziona lini? Akijibu yote matatu, wampe fedha yao kwa moyo mweupe, hata kama timu inacheza ligi ya chini. Asipojibu, fedha hiyo ibaki mfukoni. Mbolea ya msimu ujao nayo inanunuliwa kwa shilingi.