Vitz inakataa kuovateki: tatizo ni injini au ni sisi wenyewe?



Huku kwetu Turiani kuna ugonjwa mpya. Ukipita gereji yoyote pale Madizini unakuta Vitz, Passo au IST imefunguliwa boneti, na mwenyewe kasimama pembeni anamwambia fundi neno lile lile: "niongezee nguvu." Zamani hukusikia hii kitu. Barabara ilikuwa vumbi na mashimo, nani alihitaji spidi? Sasa ile lami ya Magole mpaka Turiani, karibu kilomita 49, imetufungulia dunia. Mtu analala nyumbani, asubuhi yuko Moro mjini kikazi, jioni anarudi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Dar–Morogoro mwezi Juni 2024 ndio imezidi, maana watu wanawahi treni.

Kasheshe linaanzia Magole, ukishaingia barabara ya Dodoma. Pale unakutana na semitrela za Rwanda, Burundi na Kongo, zimejipanga tatu tatu, na barabara ni njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi. Hapo ndipo kigari chako cha cc 1000 unakikanyaga mpaka chini, kinalia kama mashine ya kusaga halafu hakiendi.

Mimi si injinia, lakini hesabu ya form two ninayo. Twende nayo taratibu.

Chukua semitrela inayotembea kilomita 60 kwa saa, wewe unaipita kwa 80. Unaizidi kwa 20, yaani mita tano na nusu hivi kila sekunde. Weka urefu wake mita 17, nafasi ya mita 20 nyuma yake kabla hujatoka, mita 20 mbele yake kabla hujarudi, na gari lako mita 4. Jumla mita 61. Hapo unakaa upande usio wako sekunde 11! Katika sekunde hizo wewe umekwenda mita kama 245, na basi linalokuja mbele kwa 80 nalo limekuja mita 245. Kwa hiyo unahitaji karibu nusu kilomita iliyo nyeupe kabisa, na hiyo ni kama TAYARI ulikuwa kwenye 80 ulipochomoka. Ukianzia kwenye 60 nyuma ya lori, ongeza tena.

Kwa hiyo wanaolilia nguvu siwacheki. Kinachogombewa pale ni roho za watu, sio sifa za vijana.

Sasa nguvu imeenda wapi? Vitz ya cc 1000 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi kama 70, na uzito wake ni karibu tani moja. Ukiwa peke yako, injini inavuta kilo kama 1,070. Sasa weka abiria wanne na gunia moja la mchele la kilo 100 (wa Turiani tunajijua, hatuendi Moro mikono mitupu). Umefika kilo 1,450. Piga hesabu: ni sawa na kuwa peke yako kwenye gari lenye farasi 52. Farasi 18 umewaacha kwenye siti ya nyuma na kwenye buti, na hujamlipa fundi hata senti. Washa na AC juani mchana, nayo inakula farasi wengine kadhaa. Hakuna kifaa cha kuchomeka wala dawa ya kumimina kwenye tenki itakayokurudishia hao farasi 18, hata kama kwenye kopo wamechora moto.

Halafu kuna hii ya kutoa masega. Nina jamaa yangu (jina kapuni) aliambiwa masega ya kwenye eksozi yanabana pumzi, yatolewe gari liwe jepesi. Yakatolewa. Gari likapata mlio wa kibabe, taa ya cheki injini ikawaka na haijazima mpaka leo, mafuta yakaanza kuliwa zaidi. Wiki iliyofuata, maeneo ya Dakawa, alitoka kuovateki akiwa na watu watano ndani, akarudi nyuma ya lori kwa kubahatisha. Alichokuwa hajui ni kwamba masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei mbaya, na yana soko. Jiulize kwa nini fundi anakuomba "hayo mabovu niachie tu." Kweli masega yakiziba yanaua nguvu, lakini yapimwe kwanza. Yakiwa mazima, faida ya kuyatoa kwenye injini ndogo ni kelele tu.

Kosa lingine tunalifanya wenyewe kwa kupenda gari liwe juu. Vitz nyingi zinakuja na tairi 165/70 ya rimu 14. Watu wanafunga 185/70 ili isiguse chini kwenye barabara za mashamba ya miwa. Tairi hiyo ni kubwa kwa karibu asilimia 5. Maana yake kila gia imekuwa ndefu kwa asilimia 5, mvuto umepungua kwa kiasi hicho hicho, na spidomita inahesabu pungufu ya mwendo halisi. Unahisi umeibiwa nguvu, kumbe umeiuza kwenye duka la matairi, halafu mbele kuna tochi inakusubiri.

Kinachorudisha nguvu kweli ni mambo ya kuboa. Eakilina, maana vumbi la msimu wa miwa huku si mchezo. Plagi za aina ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, sio za bei chee. Kusafisha throto na nozeli. Upepo wa tairi. Kama injini imechoka, pima kompresheni kabla hujanunua chochote. Haya hayaongezi farasi hata mmoja juu ya wale 70 wa kiwandani, yanawarudisha tu waliotoroka. Na kwa otomatiki yenye kitufe cha O/D, kizime kabla hujatoka kupita, sio ukiwa katikati, ili gari lishuke gia mapema na injini ipande mzunguko. Nguvu ya injini hizi iko juu ya mzunguko, ukiwa 2,500 huna kitu.

Kuna wanaofikiria kubadili injini, wafunge ya cc 1500 ya mtumba. Inawezekana, ile ya kwenye IST kubwa na Probox ina farasi kati ya 105 na 110. Lakini jumlisha giaboksi, waya, kontroliboksi na ufundi, halafu nenda TRA kubadili taarifa za kadi, na breki zinabaki zile ndogo. Bora uuze uongezee ununue yenye cc 1500 tangu mwanzo.

Kwa nini hatukununua hiyo tangu mwanzo? Kodi jamani. Kwa viwango ambavyo TRA imevitumia miaka mingi, ushuru wa bidhaa kwa gari lisilozidi cc 1000 ni sifuri, kuanzia hapo hadi cc 2000 ni asilimia 5. Juu yake gari likizidi miaka 10 linapigwa 30 nyingine ya uchakavu. Mtu wa kipato cha kawaida anakwepa kila anachoweza kukwepa, anaangukia injini ndogo kuliko zote. Ile asilimia 5 peke yake siilaumu sana, ile 30 ndiyo inayomaliza pesa ambayo ingeenda kwenye injini kubwa kidogo. Injini iliyotengenezwa kwa safari za mjini Tokyo sasa inabeba familia, mchele na ndizi, inashindana na semi za Kongo. Wakati wa bajeti wabunge wanabishana kuhusu VX zao, hili la Vitz sijalisikia likiguswa.

Jamaa yangu wa masega bado anataka turbo. Nimemwambia ajaribu kwanza safari moja ya Moro akiwa na abiria wawili, bila gunia na tairi zake za zamani, halafu aniambie. Ameenda leo asubuhi.