Mpenzi Mmoja, Laini Mbili, Vivinjari Viwili

Wiki hii nina swali moja tu: kwenye simu yako unafungulia intaneti kwa kivinjari gani?

Swali hilo nimelitembeza vijiweni, Korogwe stendi mpaka Handeni mjini. Jibu ni lile lile: "Kivinjari ndiyo nini? Mimi natumia Google!" Basi kwa taarifa yako, hicho kiduara cha rangi nne unachobonyeza kinaitwa Chrome, na wala hukukichagua. Umekikuta ndani ya simu, kama mchumba uliyetafutiwa na wazee.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1994 ilitoka Netscape, ikatamba kweli kweli. Mwaka 1995 Microsoft wakaja na Internet Explorer, baadaye wakaipachika bure ndani ya Windows. Netscape kwisha kazi! Mbabe huyo naye akabweteka, Chrome ikaingia 2008, na Juni 2022 Explorer ikastaafishwa.

Utasema, "Mimi yananihusu nini?" Yanauhusu mfuko wako, bwana! Chrome ya simu za Android ilikuwa na kitu cha kubana data, bando likadumu. Machi 2022 Google wakakiondoa, wakidai gharama za data zimeshuka nchi nyingi. Zimeshuka kwa nani? Muulize anayeunga bando la jero.

Pa kukimbilia papo. Opera Mini tangu 2006 inazibana kurasa kwenye mitambo yake kabla hazijafika kwako, ndiyo maana hata simu za batani ziliperuzi. Bado ipo, tena bure. Kasoro yake, ukiibana sana kurasa nyingine zinafika zimepinda.

Je, watu watahama? Sidhani. Si mapenzi, ni uvivu tu, paswedi zote ziko kule. Hata kwenye simu, tangu Machi 2017 ruksa kuhama kampuni na namba yako, lakini wangapi unaowajua wamehama? Sisi tumeona bora laini mbili.

Basi na hapa tufanye hivyo hivyo. Chrome ibaki kwa mambo ya benki, Opera Mini isome habari ukiwa kwenye basi la Handeni, mtandao unasuasua. Siku mmoja akikuletea pozi, mwenzake yupo. Ila kwa mpenzi usijaribu, yatakukuta!

Tukutane wiki ijayo.