Si kila aliyebeba shanta anakimbia vita

ASUBUHI moja ya Januari 2023, kabla jua halijachomoza, tulikuwa watu wanne tukitoka Onduparaka kwenda stendi ya mabasi mjini Arua, kila mmoja na shanta mgongoni. Bibi mmoja jirani yetu alikuwa akifagia uwanja wake. Alipotuona aliacha ufagio, akatutazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akauliza kwa sauti ya chini: “Wanangu, vita vimefika wapi?”

Tulicheka. Tukamwambia hakuna vita, tunakwenda kutembea tu, tunakwenda visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria tukalale huko siku chache, halafu turudi. Yeye hakucheka. Akauliza ni nani aliyefariki huko. Hakuna aliyefariki, bibi. Basi mnapeleka bidhaa gani? Hatuna bidhaa. Akatikisa kichwa, akaokota ufagio wake.

Ndugu msomaji, swali lile sijalisahau hadi leo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwetu West Nile, mtu mwenye mzigo mgongoni ana maana yake. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilipoanguka, na hasa kuanzia Oktoba 1980 jeshi lilipoingia huku kulipiza kisasi, watu wa Koboko, Arua, Yumbe na kwingineko walivuka mpaka maelfu kwa maelfu, wengine wakaingia Sudan, wengine Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule. Waliobaki wakadhani misheni itawaficha, lakini yaliyotokea Ombaci mnamo Juni 1981, hapa karibu tu, kila mtu anayajua. Mimi nilizaliwa uhamishoni mwaka 1982. Nilirudi Uganda nikiwa nimefungwa mgongoni kwa kitenge, sufuria mbili zikiwa kichwani mwa mama. Kisha mwaka 2016 tuliwaona wengine wakija na mafurushi yaleyale kutoka Sudan Kusini, wakipitia Oraba na njia za porini, kwenda Bidi Bidi na Rhino Camp. Baadhi yao walikuwa watu waliotupokea sisi wakati ule.

Kwa hiyo mtu wa kwetu akibeba begi kubwa, kuna mawili: anakimbia, au anafanya biashara. La tatu hatujawahi kujiruhusu.

Vijana wa Kizungu hupita Arua na mashanta yanayowazidi vichwa, nasi huwaonea huruma kana kwamba hawana kwao. Wenzao hupanda ndege hadi visiwa vya mbali kama Fiji na Samoa, katika Bahari ya Pasifiki, wakalala ufukweni na marafiki zao, wakala wanachokipata, wakarudi nyumbani wamechomwa na jua na wamefurahi. Hakuna bibi anayewauliza vita vimefika wapi. Mimi nasema hivi: sisi tuna haki ileile ya kwenda mahali bila sababu. Tena tunaiweza kazi hiyo kuliko wao. Mfanyabiashara wa mpakani aliyezoea Vurra, Ariwara, Kaya na Yei anajua kulala juu ya gunia. Anajua kugawa fedha mifukoni ili akiibiwa moja abaki na nyingine, na anaweza kuelewana na mtu asiyejua hata neno moja la lugha yake. Kasoro yake ni moja. Macho yake huona barabara, ofisa na bei tu. Nakiri hata mimi nilipita Koboko kwenda Oraba kwa miaka kumi na moja, mlima Liru ukinitazama kila safari, na sikuwahi kuupanda.

Safari yetu ilikuwa hivi. Basi hadi Kampala, ambako tulinunua hema la mitumba soko la Owino, kisha Masaka, kisha Bukakata. Hapo tulipanda feri hadi Luku katika kisiwa cha Bugala, wala hatukulipa nauli. Wilaya ya Kalangala ina visiwa 84, na Bugala ndicho kikubwa kuliko vyote. Kutoka Luku tuliamua kwenda kwa miguu hadi mji wa Kalangala, jambo lililowashangaza sana waendesha bodaboda wa pale. Ilituchukua siku mbili. Tulitegemea kuona msitu tu, lakini kwa mwendo mrefu tulipita katikati ya mashamba ya michikichi yaliyopandwa kuanzia miaka ya 2000 badala ya msitu na majani. Mwenzetu mmoja, ambaye huleta mawese kutoka Ariwara, alisahau kabisa kwamba yuko mapumzikoni akaanza kuhesabu mitungi. Tulimnyamazisha kwa chapati ya mayai.

Jioni ya pili, tukiwa kwenye mwalo wa wavuvi, nilitoa Kiswahili. Kijana mmoja akauliza kama sisi ni askari. Wanaoishi kusini mwa Uganda wanaielewa hofu hiyo: kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Tukasema tunatoka Arua. Hapo likaja jina la Amin, kama kawaida, na kimya kidogo. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, lakini karatasi ya Kampala haiwezi kuondoa kimya cha namna ile. Kilichokiondoa ni sato wanne juu ya moto na maswali yetu ya kijinga kuhusu nyavu.

Ndipo mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akatusimulia habari za kisiwa chao. Alisema babu zake hawakuwa wakiishi hapo wakati wote. Waliondolewa, kisha wakarudi.

Historia inamuunga mkono. Ugonjwa wa malale uliingia pande za Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne iliyopita, ukaua watu zaidi ya laki mbili katika Busoga, Buganda na visiwani. Serikali ya kikoloni ilipoona haiwezi kuwaangamiza mbung'o, iliamua kuwaondoa watu. Visiwa vya Ssese vilihamishwa mwaka 1909. Wenyeji wakavushwa hadi nchi kavu, wakaacha nyumba, migomba na makaburi, hata mahali pa ibada ya Mukasa kule Bubembe. Waliruhusiwa kuanza kurudi karibu mwaka 1920. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Mtoto aliyeondoka mgongoni mwa mama yake alirudi akiwa anakaribia ujana.

Sikulala vizuri usiku ule. Tangu utotoni nimeaminishwa kwamba sisi wa West Nile ndio watu waliohamishwa, na kwamba watu wa kusini hawajui maana yake. Nilisoma shule Arua, nikafanya biashara nchi tatu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba katikati ya Uganda kuna visiwa vizima vya watu waliorudi. Nililipata jambo hilo kwa sababu nilikwenda bila kazi, nikakaa chini bila haraka. Ningekuwa nimefuata samaki wa kuuza ningeuliza bei, nikapakia, nikaondoka.

Najua wako watakaosema huu ni ubadhirifu. Watauliza ada ya shule je? Kwa hilo nakubaliana nao: asiyelipa ada ya mtoto wake asiende Ssese, wala baa asiende. Lakini safari yetu nzima ilimgharimu kila mmoja wetu chini ya anachotoa kwa michango ya arusi mbili. Tuache kusema hatuna uwezo. Mashabiki wa timu ya Onduparaka, tangu ilipopanda ligi kuu mwaka 2016, walikodi mabasi wakaifuata hadi Kampala na kwingineko, wakalala popote, na hakuna mzee aliyesema wana wazimu. Au alisema, wakapanda basi hivyo hivyo.

Hatari iko, nayo lazima isemwe. Sisi ni watu wa nchi kavu, ziwa hatulijui. Mnamo Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara nchini Tanzania, wakafa watu 228. Miezi miwili baadaye MV Templar ilizama upande wa Mukono, Uganda, ikiwa na watu waliokuwa wakistarehe, wakafa zaidi ya 30. Tulitaka sana kufika Bubembe. Mwenye mtumbwi akaja saa kumi na moja jioni, upepo umeanza, abiria wamejaa, majaketi ya kujiokoa hayatoshi. Watatu tukakataa kupanda. Wa nne alikasirika, akasema tumetoka Arua yote ile kuja kuogopa maji. Hakutusemesha hadi adhuhuri ya kesho yake. Bubembe hatukuiona, na mimi sijuti. Anayepanga safari na marafiki wakubaliane mapema kwamba mmoja akisema hapana kuhusu chombo cha majini, ni hapana kwa wote.

Jambo jingine ni kwamba wageni waje kwetu pia. Mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja hadi Rhino Camp akiwa na wapagazi wengi kuwinda faru weupe. Alijua kuna kitu cha kutazama huku, ingawa alikitazama kupitia mtutu. Vijana wa Kalangala wakija, tuna mlima Wati, tuna Liru, tuna Salia Musala ambako mtu husimama mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Wenye nyumba za wageni Koboko watandike vitanda kwa ajili ya mtu asiye na shehena wala barua ya shirika la misaada. Na askari wa vizuizini wazoee kwamba kijana mwenye begi anaweza kujibu “natembea” na likawa jibu la kweli.

Tuliporudi nilimpelekea bibi yule mfuko wa mukene wakavu. Alipokea, akanikaribisha kiti, akataka nimweleze tulikotoka. Nilimsimulia ziwa, michikichi, kijana aliyetudhania askari. Alisikiliza bila kusema kitu hadi nilipofika kwa watu waliohamishwa na malale. Hapo akanikatiza, akauliza kama waliporudi walikuta mashamba yao yangali yao. Nikamwambia kwamba wengi walikuta pori tupu.

“Na mipaka ya shamba,” akauliza, “nani aliikumbuka?”