Kipeuo Kukaa Chini Si Kosa

Likizo iliyopita mpwa wangu alinijia hapa Oldonyiro na karatasi yake ya hesabu ya Kidato cha Tatu. Swali lilitaka sini ya nyuzi 45. Alikuwa ameandika 1/√2. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita hapo, alama moja imekatwa, na pembeni pameandikwa: "Haijakamilika." Kilichotakiwa ni √2/2. "Mjomba, nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Namba hizo mbili ni kitu kimoja. Lakini madarasani mwetu watu wameshikilia kwamba kipeuo cha pili kikikaa kwenye asili, ile namba ya chini ya sehemu, basi jibu ni bovu. Hiyo ni desturi iliyoachwa na watu wasiokuwa na kikokotoo. Jaribu kugawa 1 kwa 1.41421 kwa mkono, utatoka jasho. Gawa 1.41421 kwa 2 na umemaliza. Kwa sababu hiyo waliotegemea jedwali walikipandisha kipeuo juu, na walifanya vyema. Leo KCSE yenyewe inaruhusu kikokotoo. Jasho limekwisha, adhabu imebaki.

Tena 1/√2 inaonyesha ilikotoka. Tuseme tunajenga zizi la mraba kando ya soko letu la mifugo, na kutoka nguzo ya pembe moja hadi ile inayotazamana nayo tumepima kwa kamba mita 10. Upande wa zizi ni 10/√2. Andika 5√2 ukipenda. Urefu ni uleule, mita 7.07 hivi, ila ile 10 tuliyoipima haionekani tena.

Na kuna mahali ambapo kipeuo kinafaa zaidi kikiwa chini. Chukua kikokotoo cha dukani cha tarakimu nane, utafute √10001 − 100. Kipeuo kinatoka 100.00499, ukitoa 100 unabaki na 0.00499, tarakimu nyingine zimepotea. Sasa andika namba hiyohiyo kama 1/(√10001 + 100): unapata 0.0049998, karibu zaidi na ukweli. Mtoto aliyetishwa na vipeuo vya chini atalikimbia jibu lililo bora. Akifika kwenye kalkulasi atakuta kila mtu anaandika 1/(2√x), wala hakuna anayehangaika kuigeuza.

Sisemi mbinu ya kuondoa kipeuo kwenye asili iachwe. Zidisha juu na chini ya 1/(√3 + √2) kwa √3 − √2, asili inageuka 1 na jibu linabaki √3 − √2 tupu. Kila mwanafunzi anastahili kuiona kazi hiyo ikifanyika kwa mkono wake mwenyewe. Na swali likisema wazi kwamba kipeuo kiondolewe kwenye asili, asiyekiondoa akatwe alama.

Swali la mpwa wangu halikusema hivyo. Lilisema atafute sini ya nyuzi 45. Aliitafuta, akaipata.