Uchambuzi: Mchoro wa ukutani Muganza, na simu inayoupiga picha

Katika tarafa ya Muganza, wilayani Rusizi, kama ilivyo katika senta nyingi za biashara nchini Rwanda, ukuta wa duka haukai mtupu. Kinyozi huchorewa kichwa cha kijana aliyenyolewa vizuri, muuza nyama huchorewa ng'ombe, na kampuni za simu hupaka nyumba nzima rangi ya njano au nyekundu. Mbele ya kuta hizo hupita malori ya saruji yanayotoka kiwanda cha CIMERWA, baiskeli zilizobeba mpunga wa bonde la Bugarama, na akina mama wanaofanya biashara na upande wa Kongo. Ni mandhari inayomvuta mpiga picha, na siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha.

Picha ya aina hiyo ikibaki ndani ya simu, hakuna anayeuliza swali. Maswali huanza inapochapishwa kwenye kalenda, inapotumiwa na kampuni katika tangazo, au inapouzwa kwa mteja wa ng'ambo. Hapo hudhihirika kwamba ukuta mmoja una wenyewe watatu: mwenye nyumba, ambaye ukuta ni wake, mchoraji, ambaye mchoro ni wake, na mpiga picha, ambaye picha ni yake. Wengi wetu humkumbuka wa kwanza na wa tatu. Wa katikati husahaulika, ingawa yeye ndiye aliyefanya ukuta huo ustahili kupigwa picha.

Rwanda imekuwa mwanachama wa Mkataba wa Berne kuhusu haki za watunzi tangu tarehe 1 Machi 1984. Kwa mujibu wa mkataba huo, haki ya mchoraji huzaliwa pale anapomaliza kazi yake. Hahitaji kuisajili popote, wala haihitajiki alama yoyote pembeni ya mchoro. Haki hiyo ina pande mbili: upande wa fedha, yaani kuamua nani anakili kazi na kwa malipo gani, na upande wa heshima, yaani kutambuliwa kuwa yeye ndiye aliyeifanya. Aliyelipwa kuchora ukuta wa kinyozi amelipwa kwa kazi ya siku ile. Malipo hayo peke yake hayamaanishi kwamba ameuza pia haki ya mchoro wake kutumika kwenye fulana huko Brussels.

Je, kila anayepiga picha barabarani anamdhulumu mchoraji? La. Nchi nyingi zimeona kwamba mtu hawezi kutembea mjini huku akiomba ruhusa ya kila ukuta, zikaweka msamaha kwa kazi za sanaa zilizo hadharani. Lakini msamaha huo hauna umbo moja, hata miongoni mwa majirani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya, katika sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2001, imeuandika kwa upana: kazi ya sanaa iliyo mahali inapoonekana na umma inaweza kunakiliwa. Uganda, katika sheria ya mwaka 2006, inautoa kwa kazi iliyowekwa kwa kudumu mahali pa umma, au iliyoingia kwenye picha kama mandhari ya nyuma tu. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1999, ilitaja filamu na video. Picha ya kawaida haikutajwa hapo. Hivyo, kazi moja ya ukutani inaweza kuwa huru mbele ya kamera ya video na isiwe huru mbele ya kamera ya picha. Waliotunga sheria hiyo pengine hawakuwazia simu moja yenye kamera zote mbili.

Kwa msomaji aliye Rusizi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu picha huvuka mpaka kwa wepesi kuliko mtu. Kanuni ya Berne ni kwamba sheria inayotazamwa ni ya nchi ambamo mtunzi anadai kulindwa, wala si ya mahali ukuta uliposimama. Mnyarwanda aishiye Ubelgiji ataongozwa na sheria ya huko, ambayo tangu mwaka 2016 inaruhusu picha za kazi za sanaa zilizowekwa kwa kudumu mahali pa umma. Akihamia Ufaransa, atakuta msamaha uliowekwa mwaka huohuo ukiwa mwembamba zaidi: unahusu majengo na sanamu tu, kwa watu binafsi, bila biashara. Mchoro wa ukutani haumo.

Kesi zilizofika mahakamani zinaonyesha kwamba haya si mabishano ya wanasheria peke yao. Mwaka 2018 msanii wa Uswisi, Adrian Falkner, aliishtaki kampuni ya General Motors kwa sababu mchoro wake katika jengo la maegesho jijini Detroit ulionekana kwenye tangazo la gari la Cadillac. Kampuni ilijitetea kwamba mchoro ni sehemu ya jengo, na majengo yanayoonekana barabarani hupigwa picha bila ruhusa. Jaji alikataa kuifuta kesi kwa hoja hiyo. Mwezi Februari mwaka huohuo, mahakama ya New York iliamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75 kwa sababu mwenye jengo la 5Pointz alizipaka rangi nyeupe kazi zao. Uamuzi huo ulithibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2020.

Hata hivyo, si haki kumfanya mpiga picha kuwa adui wa mchoraji. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, aliandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta na barabara za Kibera. Mwaka 2012 mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake walichora katikati ya Nairobi mwanasiasa mwenye umbo la tai mla mizoga. Watu wengi walioziona kazi hizo hawakufika kamwe penye kuta zenyewe. Waliziona katika picha. Rangi ya ukutani huliwa na jua na mvua, na mpangaji mpya hupaka yake juu. Kwa kazi nyingi za barabarani, picha ndiyo kumbukumbu pekee itakayosalia.

Kuna pia watu wanaopita mbele ya ukuta. Sheria ya Rwanda ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda taarifa binafsi, na uso unaotambulika ni taarifa binafsi. Mwanamke aliyebeba mzigo kuelekea Kamanyola ana sababu zake za kutotaka uso wake usambae, hasa mpaka unapokuwa na wasiwasi. Ukutani ataonekana kama pambo la picha. Nyumbani kwake anaweza kuulizwa alikuwa akienda wapi. Na penye vizuizi vya mpakani au askari, busara ni kuuliza kabla ya kuinua simu.

Turudi kwa mchoraji wa senta. Wachoraji wengi wa mabango katika ukanda wetu huandika jina lao na namba ya simu kwenye pembe ya chini ya ukuta. Hiyo ni sahihi yao, na pia ni tangazo lao la kazi. Mpiga picha anayetafuta mpangilio mzuri mara nyingi huikata pembe hiyo, kwa kuwa huona inachafua picha. Kwa mkato huo mdogo mchoraji hupoteza jina na mteja wa kesho, kabla hata suala la malipo halijafikiwa. Anayetaka kuiuza picha anayo namba mbele yake, imeandikwa kwa rangi, na kuipiga hakumgharimu zaidi ya faranga chache.